Ghaibu na Baraza: Uhamisho na Hatima ya Tanzu katika Fasihi ya Kiswahili

Utangulizi

Suala la mwandishi aliyetengwa na kwao, ama kwa kufungwa ama kwa kulazimika kuihama nchi yake, si geni katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili. Limekwisha kujadiliwa mara nyingi, na aghalabu limejadiliwa kwa upande wa maudhui. Mhakiki huuliza msanii analalamikia nini, anamshutumu nani, na anaitamani vipi nchi aliyoiacha. Maswali hayo ni ya haki, lakini hayatoshi. Yanatufanya tuamini kwamba uhamisho ni kisa ambacho mwandishi hukisimulia, ilhali kabla ya kuwa kisa ni hali inayomwondolea mwandishi msikilizaji wake.

Madhumuni ya makala haya ni kulitazama suala hilo kwa upande wa fani, na hasa kwa upande wa tanzu. Dai letu ni kwamba si kila utanzu husafiri. Riwaya huweza kuvuka bahari pamoja na mwenyewe, na mara nyingine hunawiri huko iendako. Lakini shairi la arudhi, kama tulivyolirithi kutoka pwani ya Afrika Mashariki, ni tendo la watu wawili au zaidi. Likitengwa na wasikilizaji wake hunyamaza, au hubadilika umbo. Ili kulipima dai hilo tutawatazama Abdilatif Abdalla, Alamin Mazrui, Said Ahmed Mohamed na Abdulrazak Gurnah. Mwisho tutaeleza kwa nini jambo hili linatuhusu sisi tunaofundisha Kiswahili hapa Eldoret, mji ulio mbali na bahari lakini usio mbali na uhamisho.

Maneno na uzito wake

Kabla ya kuendelea yafaa tuyapime maneno tunayoyatumia. Neno uhamisho, katika matumizi ya kila siku nchini Kenya, ni la mwalimu au askari anayepelekwa kituo kingine. Kuna mwenye kuhamisha na mwenye kuhamishwa, na kuna barua yenye mhuri. Neno mkimbizi humtaja mtu kwa miguu yake, wala halisemi alichokikimbia. Lipo pia neno ughaibuni, ambalo siku hizi hutumiwa kwa kila aishiye ng'ambo, awe msomi aliyejiendea kwa hiari au mtu aliyefukuzwa. Asili yake ni Kiarabu, na ghaibu ni kile kisichokuwapo mbele ya macho. Lakini Kiswahili kimelipa neno hilo kazi ya pili: mtu asomaye bila ya kutazama kitabu husemwa kuwa anasoma kwa ghaibu. Kwa hiyo katika lugha yetu kutokuwapo na kuhifadhi moyoni vimetoka katika mzizi mmoja. Tutaona kwamba washairi wetu waliofungwa waliishi katika maana zote mbili kwa wakati mmoja.

Nilipokuwa nikisomea shahada ya uzamili ng'ambo, fasihi ya uhamisho ilifundishwa kama mali ya waandishi wa riwaya na tawasifu wa Ulaya. Mshairi aliyetajwa kwa heshima zaidi alikuwa Taras Shevchenko wa Ukraine, na inafaa tumkumbuke hapa kwa sababu kisa chake kinafanana na chetu kwa namna ya kushangaza. Shevchenko alizaliwa mtumwa wa shamba mwaka 1814, akakombolewa mwaka 1838, na diwani yake ya kwanza, Kobzar, ikatoka mwaka 1840. Jina la diwani hiyo ni la yule mwimbaji wa Kiukraine aliyezunguka vijijini na ala yake ya nyuzi. Mwaka 1847 alikamatwa, akapelekwa mbali kutumikia jeshi kama askari wa kawaida, na Kaisari Nicholas wa Kwanza wa Urusi akaamuru asiandike wala asichore. Aliandika hata hivyo, katika vijitabu vidogo alivyovificha ndani ya kiatu chake cha buti. Hakuachiliwa hadi mwaka 1857. Linalotupasa kuliona ni kwamba aliyanyimwa mambo mawili: karatasi na kadamnasi. Karatasi aliweza kuiiba. Kadamnasi hakuweza.

Pokeo la kujibizana

Ushairi wa Kiswahili umelijua gereza tangu zamani. Katika kisa cha Fumo Liyongo, kama kilivyosimuliwa na Muhamadi Kijumwa katika utendi wake wa mwaka 1913 na katika masimulizi mengine mengi, shujaa anafungwa kwa hila ya mfalme wa Pate. Anamtungia mjakazi wake wimbo wa mafumbo, ujumbe unamfikia mamake, na tupa inaingizwa gerezani ndani ya mkate wa makapi. Kisha Liyongo anaomba ngoma ya gungu ichezwe, na ni katika kelele ya watu wanaoitikia ndipo anapoikata minyororo pasi na kusikika. Wahakiki wengi wameisoma sehemu hii kama ushahidi wa werevu wa shujaa. Mimi naona inatufundisha pia jambo kuhusu ushairi wenyewe. Wimbo wa Liyongo peke yake haukumwokoa. Kilichomwokoa ni wimbo ulioeleweka na kujibiwa. Laiti mamake asingelifumbua fumbo, na laiti umati usingeliitikia gungu, tupa isingelifaa kitu.

Pokeo hilo lilifikia kilele chake Mombasa katika zama za Muyaka bin Haji, mwanzoni mwa karne ya 19, wakati mashairi yalipokuwa silaha za mji na mji, na mshairi wa Mvita alipojibiwa na mshairi wa Lamu. Liliendelea hata baada ya kuja kwa mitambo ya uchapaji. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923, liliwapa washairi baraza jipya la karatasi, na mtu wa Tanga aliweza kumjibu mtu wa Tabora. Kanuni ilibaki ile ile: ajibuye, kwa kawaida, hushika bahari ya mwenziwe, na mara nyingi hushika hata vina vyake. Basi arudhi katika mashairi ya namna hii haikuwa pambo tu, wala haikuwa kifungo tu kama walivyodai baadhi ya wanamapinduzi wa ushairi katika mgogoro wa miaka ya 1970. Ilikuwa ni makubaliano kati ya wanaobishana.

Abdilatif Abdalla: sauti ndani ya chumba cha peke yake

Abdilatif Abdalla alizaliwa Mombasa mwaka 1946. Alikuwa mfuasi wa chama cha upinzani cha Kenya People's Union kilichoongozwa na Oginga Odinga, na mwaka 1968 aliandika kijikaratasi kilichoitwa Kenya: Twendapi? Kwa ajili hiyo alishtakiwa kwa uchochezi, akafungwa kuanzia mwaka 1969 hadi 1972, na sehemu kubwa ya kifungo hicho aliipitisha akiwa peke yake. Mashairi aliyoyatunga humo, mengi akiyaandika juu ya karatasi za chooni, ndiyo yaliyotolewa na Oxford University Press mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki. Mwaka uliofuata diwani hiyo ilipewa Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta, yaani tuzo yenye jina la rais ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga mshairi.

Wahakiki wameyashughulikia vya kutosha maudhui ya kisiasa ya diwani hii. Tuitazame fani. Kijana wa miaka ishirini na kitu, aliyefungwa kwa kuuliza swali la siasa ya kisasa, angeliweza kutafuta umbo jipya. Hakufanya hivyo. Alizama zaidi katika Kimvita na katika arudhi, na hata majina ya mashairi yake, kama vile "Siwati" na "N'shishiyelo ni Lilo", yanamlazimu msomaji wa bara aombe tafsiri. Baadhi ya wasomaji wameliona jambo hilo kuwa ni kasoro, kwamba mshairi wa taifa zima amejifungia katika lahaja ya mji mmoja. Maoni haya hayazingatii mahali shairi lilipotungiwa. Mtu aliyetiwa katika chumba kisicho na mwenziwe huichagua lugha ya wale ambao angependa wawe mle ndani pamoja naye. Kimvita cha Sauti ya Dhiki ni baraza la Mombasa lililohamishiwa gerezani kwa ghaibu.

Ushahidi ulio wazi zaidi ni shairi la "Mnazi: Vuta N'kuvute". Ni shairi la kujibizana. Ndugu wawili, Alii na Badi, wanagombea mnazi. Mmoja yuko juu na anadai ni wake, mwingine yuko chini na anadai haki yake. Fumbo la kisiasa ni dhahiri, na tumezoea kulifumbua upesi mbele ya wanafunzi kisha tukaendelea na shairi jingine. Lakini tusimame kidogo. Mfungwa asiye na wa kubishana naye amejitungia mbishi. Amemtungia hata yule asiyekubaliana naye maneno yaliyopimwa kwa mizani ile ile. Hali ya upweke haikumpeleka kwenye shairi la nafsi moja inayojiliza. Ilimpeleka kwenye utanzu wa watu wawili, na akazifanya kazi zote mbili mwenyewe. Sijui mfano ulio bora zaidi, katika fasihi yetu, wa utanzu unaokataa kufa kwa kukosa wa kuuitikia.

Kimya cha ng'ambo

Baada ya kufunguliwa mwaka 1972, Abdilatif alikwenda Dar es Salaam, akafanya kazi katika Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili hadi mwaka 1979. Kisha alikwenda London, katika Idhaa ya Kiswahili ya BBC, na baadaye akawa mhariri wa jarida la Africa Events. Kuanzia mwaka 1995 alifundisha Kiswahili katika Chuo Kikuu cha Leipzig, Ujerumani, hadi alipostaafu mwaka 2011. Katika miongo hiyo yote hakutoa diwani nyingine iliyo kama ile ya kwanza. Alitoa mashairi mamoja mamoja. Alitafsiri riwaya ya Ayi Kwei Armah wa Ghana kwa jina la Wema Hawajazaliwa. Alihariri, alitangaza, alifundisha, na mwaka 2011 jina lake lilionekana kama mhariri wa Kale ya Washairi wa Pemba, kitabu cha mashairi ya Kamange na Sarahani.

Kimya hiki kimewashangaza wengi, na wapo wanaokitaja kwa masikitiko, kana kwamba gereza lilikuwa na baraka ambayo uhuru uliiondoa. Rai hiyo ni hatari, maana humfanya mfungaji kuwa mlezi wa sanaa. Twapendekeza maelezo mengine. Gerezani, baraza la Mombasa lilikuwa limezuiliwa kwa ukuta, na mshairi alijua kwamba ng'ambo ya ukuta watu wapo na wanamngoja. Uhamishoni, baraza hilo limezuiliwa kwa umbali na kwa miaka. Watu wanasambaa, wengine wanafariki, na magomvi yanabadilika. Je, Dar es Salaam haikuwa na washairi? Ilikuwa nao tele. Lakini gomvi la Abdilatif lilikuwa la Kenya, na mgeni aliyekaribishwa katika nyumba haanzi kuwasuta wenyeji kwa makosa ya jirani yao. Mshairi wa kujibizana asiye na wa kumjibu hutafuta kazi ambazo ndani yake sauti mbili bado zipo. Tafsiri ni kazi ya namna hiyo, na uhariri pia. Wala si bahati tu kwamba kitabu alichokihariri ni cha washairi wawili wa kisiwa kimoja waliotungiana. Kimya chake, basi, ni ushahidi wa uaminifu kwa utanzu ambao hauwezi kutendwa na mtu mmoja milele.

Kinyume chake ni Alamin Mazrui. Baada ya kuchapishwa kwa tamthilia yake Kilio cha Haki mwaka 1981, aliwekwa kizuizini bila ya kushtakiwa katika miaka ya 1982 na 1983, kisha akaishi na kufundisha nje ya Kenya, hasa nchini Marekani. Mashairi yake ya kizuizini yalitoka mwaka 1988 katika Chembe cha Moyo. Naye ni mtoto wa Mombasa, naye aliijua arudhi, lakini katika diwani hii hakukubali kufungwa nayo. Wako watakaosema kwamba hiyo ni athari ya mgogoro wa ushairi tu. Hapana shaka mgogoro huo ulimfungulia njia. Lakini yapo zaidi. Shairi lisiloshika vina na mizani halimwekei mjibu kiti. Halimwambii, shika hapa nawe useme. Ni shairi la kusomwa na mtu mmoja kwa macho, nalo laweza kufungwa katika sanduku na kupelekwa popote. Mazrui alipata utanzu unaoweza kusafiri, na gharama yake ilikuwa kuliacha baraza.

Riwaya na jukwaa

Riwaya haikuhitaji kulipa gharama hiyo, kwa kuwa tangu kuzaliwa kwake ni utanzu wa msomaji aliye peke yake. Said Ahmed Mohamed, mzaliwa wa Pemba, aliondoka Zanzibar kwa masomo na kazi, wala hatudai kwamba alifukuzwa. Alifundisha Kenya, Japani, na kwa miaka mingi Bayreuth, Ujerumani. Riwaya zake za awali, kama Asali Chungu (1977) na Utengano (1980), zimeikaribia sana jamii ya visiwani, na msomaji huyaona mambo kwa ukaribu wa jirani. Katika Babu Alipofufuka (2001) na Dunia Yao (2006) uhalisia huo umevunjwa. Wafu wanarudi kuwahoji walio hai, na mahali pamekuwa pa ndotoni. Umbali haukuinyamazisha riwaya yake. Uliibadilisha kutoka jicho hadi njozi.

Abdulrazak Gurnah aliondoka Unguja mwishoni mwa miaka ya 1960, katika misukosuko iliyofuata Mapinduzi ya Januari 12, 1964, akawa mwandishi wa Kiingereza, na mwaka 2021 akatunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Kwake yeye hata lugha iliachwa nyuma. Lakini iliachwa kama mtu anavyouacha ufunguo kwa jirani. Paradise ya mwaka 1994 imejaa safari za misafara, misemo na adabu za Waswahili, na Ida Hadjivayanis alipoitafsiri kwa jina la Peponi mwaka 2022, wasomaji wetu wengi walihisi kwamba wanakisoma kitabu kilichorejea kwao. Hilo liliwezekana kwa sababu riwaya huvumilia kungoja. Shairi la kujibizana likingoja miaka ishirini na minane, aliyekusudiwa kulijibu pengine hayupo tena.

Mfano wa jukwaa unakazia dai hili kutoka nje ya Kiswahili. Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefariki mwaka 2025, aliwekwa kizuizini mwishoni mwa mwaka 1977 baada ya Ngaahika Ndeenda, mchezo alioutunga pamoja na Ngũgĩ wa Mĩriĩ na kuigizwa na wanakijiji wa Kamĩrĩĩthũ, ambao wasomaji wa Kiswahili wanaujua kama Nitaolewa Nikipenda. Mwaka 1982 jukwaa la Kamĩrĩĩthũ lilibomolewa na mwandishi akaingia uhamishoni. Huko aliendelea kuandika kwa Kikuyu, na kazi zake kubwa za ubunifu, Matigari na Mũrogi wa Kagogo, zilikuwa riwaya. Jukwaa lilibaki Limuru, katika vifusi.

Eldoret na walioondolewa

Yaliyotangulia yanaweza kuonekana ni mambo ya waandishi mashuhuri waliovuka mipaka wakiwa na pasipoti. Sisi tulioko Eldoret hatuna ruhusa ya kuishia hapo. Wilaya za Bonde la Ufa ziliona watu wakiondolewa makwao katika mapigano ya mwanzoni mwa miaka ya 1990, na tena baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Tarehe 1 Januari 2008 kanisa la Kiambaa, pembezoni mwa mji huu, lilichomwa likiwa na watu waliokimbilia humo, wengi wao wanawake na watoto. Uwanja wa maonyesho wa Eldoret uligeuka kambi ya maelfu ya watu. Tume ya Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa nchini katika vurugu hizo.

Mwanalugha analo la kulitazama hapa kabla ya mwanahistoria. Neno lililotumiwa na baadhi ya wanasiasa tangu miaka ya 1990 kuwataja raia walioonekana wageni lilikuwa la Kiswahili safi: madoadoa. Tulilifahamu kwa chui na kwa kitambaa. Lilipopewa watu, lilifanya kazi ambayo hakuna istilahi ya uhamisho iliyopata kuifanya. Mtu huhamishwa, na anayehamishwa huenda mahali. Doa huondolewa tu, na hakuna anayeuliza limekwenda wapi. Sitiari hiyo ilimnyima mwathiriwa hata ile heshima ya kuitwa mkimbizi.

Na maneno ya waathiriwa wenyewe yalipata utanzu gani? Walipoitwa mbele ya tume, wengi walieleza kwa Kiswahili, wakiulizwa na wakili na kujibu alichoulizwa. Kisha ripoti zikachapishwa kwa Kiingereza. Ushahidi ni utanzu wenye manufaa yake, lakini ni wa upande mmoja kuuliza na mwingine kujibu. Hauna nafasi ya aliyeondolewa kumwuliza aliyebaki. Baraza halimo.

Ndiyo sababu twaona kwamba "Mnazi" ya Abdilatif haijafundishwa inavyostahili katika sehemu hizi. Katika darasa la Eldoret wamo watoto wa walioondolewa na watoto wa walioondoa, na mara nyingi hawajui ni nani aliye nani. Tunapolifumbua fumbo la mnazi kuwa ni siasa ya Kenyatta na Odinga tu, tunaliweka shairi mbali nao, salama. Tukiwataka watungiane, mmoja akishika upande wa Alii na mwingine upande wa Badi, kisha wabadilishane, tutakuwa tumeirudisha arudhi kwenye kazi yake ya asili. Hatudai kwamba vina hurudisha mashamba. Twadai tu kwamba anayetaka kumjibu mwenziwe kwa vina vyake hana budi kwanza kuyasikiliza maneno yake hadi mwisho wa ubeti.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba athari ya kifungo na uhamisho kwa mwandishi wa Kiswahili haipimwi kwa machungu anayoyataja tu, bali kwa tanzu zinazomfuata na zinazobaki nyuma. Mshairi wa arudhi, gerezani, alilibeba baraza kwa ghaibu. Ng'ambo, alilitumikia kwa kutafsiri na kuhariri. Mshairi huru na mwanariwaya walivuka na kazi zao. Lililobaki ni jukumu la idara zetu, nalo ni mambo mawili: kukusanya kwa Kiswahili, na kwa sauti za wenyewe, nyimbo na tungo za walioondolewa makwao ndani ya nchi, za pande zote, na kuzisoma kama fasihi, wala si kama viambatisho vya ripoti. Wazee waliokuwa katika kambi za mwaka 2008 wanazidi kupungua, na wanayoyajua kwa ghaibu yataondoka nao.